Mhandisi Aliyesoma Nyufa

Mwaka 1903 Robert Maillart aliitwa Zuoz, kijiji cha milimani mashariki mwa Uswisi, akaangalie daraja alilolichora mwenyewe. Lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na tayari kuta zake za pembeni zilikuwa na nyufa, zote karibu na maegemeo, pale tao linapokutana na ukingo wa mto. Hakuna wito unaomkera mhandisi kama huo. Wenye daraja wana wasiwasi, washindani wameshapata la kusema, na zege, ambalo siku hizo lilikuwa bado geni machoni pa watu, lipo tayari kubebeshwa lawama. Maillart alikuwa na miaka 31. Kampuni aliyoifungua mwaka uliotangulia ilikuwa bado inajitafutia jina.

Alikagua, akaona daraja haliko hatarini. Nyufa zingeweza kuzibwa kwa saruji na mambo yakaishia hapo. Wengi wangefanya hivyo, na katika daraja lililofuata wangeunenepesha ukuta pale palipopasuka, wakaongeza nondo, wakalala usingizi. Yeye aliuliza swali jingine: ukuta huu, hapa penye ufa, unafanya kazi gani? Jibu lilikuwa kwamba haufanyi kazi yoyote ya maana. Mzigo wa daraja, ukishakaribia maegemeo, unapita ndani ya tao lenyewe. Ukuta uliosimama juu yake upo tu. Unakauka na kusinyaa, unapanuka kwa joto na kujikunja kwa baridi, na kwa kuwa umebanwa juu na chini, unapasuka. Basi mwaka 1905, alipojenga daraja la Tavanasa juu ya mto Rhine katika jimbo hilohilo la Graubünden, aliukata ukuta ule na kuuacha nje kabisa. Palipokuwa na zege la kupasuka pakabaki uwazi, umbo la pembetatu ndefu kila upande, na tao la mita 51 likaonekana jembamba miguuni, pana kiunoni, jembamba tena kileleni.

Siku hizi neno ubunifu limejaa kwenye makongamano na mabango, na karibu kila mara linahubiriwa kama jambo la kuongeza: mashine mpya, programu mpya, idara mpya. Maillart amenivutia kwa sababu kazi yake inakwenda upande wa pili. Ukizifuata hatua zake kubwa moja baada ya nyingine, unakuta kila moja ilianza na kitu kilichokwisha kujengwa, kikakaguliwa kwa subira, kikapunguzwa.

Alizaliwa Bern mwaka 1872, akasoma uhandisi katika chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, akahitimu mwaka 1894. Mwalimu wake mkuu pale alikuwa Wilhelm Ritter, mtu aliyefundisha kukokotoa nguvu kwa kuchora mistari badala ya kujaza kurasa kwa milinganyo. Anayechora nguvu huziona: huona mzigo ukishuka kutoka barabarani, ukikunja kona, ukizama ardhini, na huona pia sehemu ambazo mzigo haupiti. Ritter alikuwa na fundisho la pili, ambalo kwa maoni yangu lilizidi uzito lile la kwanza. Aliamini kwamba jengo jipya lipakiwe mzigo halisi, lipimwe limeinama kiasi gani, na vipimo vipewe heshima kuliko nadharia. Daraja la Zuoz lenyewe lilipokelewa kwa njia hiyo. Lilikuwa jambo ambalo halijawahi kufanyika: tao, kuta za pembeni na sakafu ya barabara vilimwagwa viwe kitu kimoja, sanduku lenye uwazi ndani, ili sakafu isibaki abiria wa kubebwa na tao bali ibebe pamoja nalo. Wenye kijiji wangejuaje kama linafaa? Ritter alikuwapo kama mshauri, likapakiwa mzigo, likapimwa, likakubaliwa.

Kabla ya hapo, mwaka 1899, Maillart alikuwa ameshachora daraja la Stauffacher mjini Zürich. Nalo lilikuwa la zege, lakini mpita njia hakuambiwa. Mbunifu majengo wa jiji alilivisha mawe, likawa na sura ya madaraja ya babu zake. Sioni haja ya kumcheka. Kila malighafi mpya huanza maisha yake kwa kuvaa nguo za ile iliyotangulia, kwa sababu macho ya watu yamezoea kupima usalama kwa unene. Hata kwetu ziko nyumba zenye nguzo nene za baraza, zilizonakshiwa vichwani, ambazo ukizigonga kwa kidole unasikia ni mabomba yaliyopigwa lipu, paa halizijui. Zimewekwa ili mgeni asiwe na shaka. Daraja la Tavanasa lilikataa kumtuliza mgeni, nalo likalipa gharama yake: wenye mamlaka hawakulipenda sura, na ilipita karibu robo karne kabla Maillart hajapata nafasi ya kulirudia umbo lile katika daraja kubwa.

Katikati ya miaka hiyo alifanya kwenye majengo jambo lililo karibu sana na hili. Anayetaka kulielewa na aangalie nyumba za mawe za Lamu. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana hauzidi sana mita tatu, kwa kuwa dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina kikomo chake. Mjenzi wa Lamu aliiheshimu malighafi yake, akaijenga nyumba nzima kwa kipimo cha mti. Zege halina kikomo hicho. Halikuoteshwa kuwa gogo. Linamwagwa, linaenea kila upande. Hata hivyo wahandisi wa mwanzo wa karne ya 20 walilijenga kama mbao: nguzo, juu yake boriti kuu, juu yake boriti ndogo, na juu kabisa sakafu. Maillart aliziondoa boriti zote. Baada ya majaribio ya mwaka 1908 alijenga, mwaka 1910, ghala la Giesshübel mjini Zürich, ambamo sakafu bapa imekaa moja kwa moja juu ya nguzo, na nguzo inapanuka kichwani kama inavyopanuka shina la uyoga. Nchini Marekani C.A.P. Turner alikuwa ametangulia kupata sakafu ya namna hiyo kwa njia yake mwenyewe, kwa hiyo hapa si suala la nani wa kwanza. Ninachokiona ni umakini wa Maillart katika kichwa cha nguzo, mkunjo ule laini unaoufuata mzigo unavyokusanyika kutoka sakafuni kwenda chini, bila kona wala kigingi.

Ufa wa pili ulikuja Aarburg. Hapo, juu ya mto Aare, alijenga daraja la tao lililokamilika mwaka 1912, kubwa kuliko yale ya mwanzo. Tao lilisimama vizuri. Zilizopasuka ni boriti za sakafu ya barabara, juu ya vinguzo vilivyosimama kwenye tao. Katika hesabu za wakati ule tao lilibeba na sakafu ikapumzika. Sakafu haikutakiwa kuwa na kazi nyingine zaidi ya kupokea magurudumu. Lakini daraja halijasoma hesabu zetu. Lori likipanda upande mmoja wa tao, upande ule unataka kudidimia na upande wa pili kuinuka, na kila kilichoshikamana na tao kinalazimika kuinama nalo. Sakafu ya Aarburg ilikuwa ikisaidia tao bila kuombwa na bila kuandaliwa kwa kazi hiyo, ndiyo maana ikapasuka.

Mtu mwingine angeitenganisha sakafu na tao ili kila mmoja abebe lake. Maillart aligeuza: kama sakafu inasaidia, na ipewe nguvu ya kusaidia. Kingo za barabara, zile kuta fupi za kuzuia magari yasianguke, tayari zipo na zitajengwa kwa vyovyote vile. Zikitiwa nondo na kuunganishwa na sakafu zinakuwa boriti imara, na boriti hiyo ikibeba kazi yote ya kuzuia kuinama, tao linabaki na kazi moja tu, kugandamizwa, nalo linaweza kuwa jembamba ajabu. Wazo hilo alilijaribu kwanza kwenye daraja dogo mwaka 1923, kisha mwaka 1925 akalijenga wazi kabisa kwenye daraja la Valtschiel, karibu na kijiji cha Donat: zaidi ya mita 40 kutoka egemeo hadi egemeo, kwa tao ambalo unene wake haufiki urefu wa rula ya mwanafunzi. Mwaka 1933, kwenye korongo la Schwandbach, alilipeleka mbali zaidi. Barabara inaingia ikiwa imepinda, inavuka ikiwa imepinda, na tao la sentimita 20 linaifuata chini yake kwa kunyoka upande mmoja na kupinda upande wa pili, huku vinguzo vikiwaunganisha hao wawili kama kwamba havijawahi kusikia habari za ugumu wa jambo lenyewe.

Kati ya daraja la Aarburg na lile la Valtschiel kuna miaka 13, na sababu ya urefu huo haihusiani na uhandisi. Majira ya joto ya mwaka 1914 familia yake ilikuwa mapumzikoni karibu na Riga, iliyokuwa chini ya Urusi wakati huo. Vita vikaanza, wakakwama. Kampuni yake ilikuwa na kazi Urusi. Viwanda vilipohamishwa kukimbia mapigano, naye alihama navyo hadi Kharkov, akajenga viwanda vikubwa huko na kwa muda akawa tajiri. Mwaka 1916 mke wake, Maria, alifariki. Mapinduzi yakafuata, mali ikapotea. Alirudi Uswisi na watoto watatu na madeni ya benki, akiwa amekaribia miaka 50.

Waandishi wa wasifu hupenda kuionyesha miaka hiyo kama tanuru lililomchoma akatoka dhahabu. Sishawishiki. Mtu aliyefiwa na kufilisika hakuhitaji mafunzo hayo ili ajue sakafu inaweza kusaidia tao. Nyufa za Aarburg zilikuwa zimeshamwambia. Kilichobadilika ni nafasi yake ya kazi. Kabla ya vita alikuwa mkandarasi, mwenye vibarua, mashine na mbao. Baada ya vita, akiwa Geneva na baadaye na ofisi za Bern na Zürich, hakuwa na mtaji wa kuwa mkandarasi tena. Akabaki mchoraji na mkokotoaji. Lakini ile miaka ya kununua mbao na kulipa mishahara haikumtoka kichwani. Alichora kama mtu anayejua kila ubao utapigiliwa na nani na utagharimu kiasi gani, na hilo ndilo lililomshindia zabuni.

Inafaa kusema pia kwamba hakuwa adui wa nadharia, ingawa baadhi ya maprofesa wa siku zake walimwona hivyo. Miaka michache kabla ya vita, huko Ujerumani, Carl von Bach alikuwa amepima boriti za chuma zenye umbo la bati lililokunjwa kingo mbili, na akaona jambo la kushangaza: ukizipakia mzigo katikati ya uzito wake, zinajisokota. Wataalamu walilijadili kwa muda mrefu. Mwaka 1921 ni Maillart, mtu wa ofisi binafsi, aliyelieleza vizuri. Alionyesha kwamba ipo nukta maalumu, mara nyingine nje kabisa ya mwili wa boriti, ambayo mzigo ukipita hapo boriti inainama bila kujisokota. Leo kila mwanafunzi wa uhandisi anaijua nukta hiyo, hata kama hajui aliyeiweka mezani. Kwa hiyo alipobishana na wakubwa wa vyuo kuhusu hesabu ndefu, ubishi wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa kuzifanya. Hoja yake ilikuwa kwamba zege hupasuka, hutambaa, hukauka, halifuati kwa uaminifu zile dhana ambazo hesabu ndefu zimesimama juu yake. Na mhandisi anayetumia wiki nzima kutafuta tarakimu ya nne huwa hajabakiwa na muda wa kufikiri kama umbo lenyewe linafaa. Tao lake la bawaba tatu, moja kileleni na mbili miguuni, linakokotolewa katika kurasa chache. Bawaba zinaliacha tao lipumue kwa joto na baridi, na zinamwacha mkokotoaji aone wazi nguvu iko wapi.

Badala ya hesabu ndefu alidai kipimo. Madaraja yake yalipakiwa mizigo na kupimwa na Mirko Roš, mkuu wa maabara ya taifa ya kupima malighafi ya Uswisi. Hapo mafunzo ya Ritter yalikuwa hai: jenga, pakia, soma, jenga tena. Mlolongo huu unahitaji jambo ambalo halitegemei kipaji cha mchoraji, nalo ni kurudi. Mhandisi arudi kwenye daraja lake baada ya miaka miwili, kumi, ishirini, akaliangalie kama mtu asiyelipenda. Kazi nyingi za ujenzi zimepangwa kwa namna inayozuia marudio hayo. Cheti cha kukamilisha kinatiwa sahihi, muda wa uangalizi unakwisha, mkandarasi anafunga kambi, na nyufa zinazotokea baadaye zinasomwa na fundi wa matengenezo ambaye hakuna atakayemuuliza alichokiona.

Mwaka 1928 jimbo la Graubünden lilitangaza mashindano ya daraja la kuvuka korongo la Salgina, juu ya mji mdogo wa Schiers, kwa ajili ya barabara ya kupanda kijiji cha Schuders. Miundo 19 ilishindanishwa. Wa Maillart, akiwa pamoja na mkandarasi Florian Prader, ulikuwa wa bei ndogo kuliko yote. Likajengwa 1929 na 1930: tao la mita 90, bawaba tatu, sanduku lenye uwazi, na lile umbo la Tavanasa la jembamba, pana, jembamba. Tavanasa lenyewe lilikuwa limeshakufa. Mwezi Septemba 1927 maporomoko ya ardhi yalilisomba.

Picha za daraja hilo la Salgina, linalojulikana kama Salginatobel, zimechapishwa mara nyingi sana, na karibu zote zinamtazama ndege mweupe aliyetanda kati ya kuta mbili za mawe. Mimi picha ninayoipenda ni ya wakati wa ujenzi. Ndani yake daraja halipo bado. Lipo jukwaa la mbao lililopanuka kama kipepeo kutoka chini ya korongo, kazi ya Richard Coray, fundi wa majukwaa wa jimbo hilohilo. Ni ujenzi wa ajabu, na ulijengwa ili ubomolewe. Gharama ya tao lolote la zege iko hapo: unajenga daraja la mbao kwanza ili upate la zege. Na hapo ndipo uchumi wa Maillart ulipojificha. Jukwaa la Coray halikutakiwa kubeba daraja zima. Lilitakiwa kubeba bamba la chini la tao tu, jembamba, jepesi. Bamba hilo likishakauka linakuwa tao lenye nguvu yake. Kuta za sanduku zinamwagwa juu yake, na lenyewe linasaidia kuzibeba. Kisha sakafu, ikibebwa na tao pamoja na kuta. Kila hatua inajisaidia kujenga inayofuata. Mbao zikawa chache, misumari michache, bei ikashuka. Wembamba tunaousifu leo ulianza katika hesabu ya mbao.

Ndiyo maana nakuwa mzito kidogo ninaposoma jinsi wasanii walivyompokea. Mwaka 1947, miaka saba baada ya kufa kwake, jumba la sanaa ya kisasa la New York lilimfanyia maonyesho. Miaka miwili baadaye msanii Max Bill akatoa kitabu chake. Heshima aliistahili. Lakini ukimtazama kwa jicho hilo peke yake unapata mchongaji aliyetumia zege, aliyeanza na sura kisha akaitafutia nguvu. David Billington wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliyeandika habari za Maillart kwa miaka mingi, alikaribia zaidi aliposisitiza mambo matatu yasiyotenganishwa: malighafi kidogo, fedha kidogo, na uhuru wa kuchagua sura. Hilo la tatu ndilo hupotea katika midomo ya wahandisi. Sheria za nguvu hazikumlazimisha Maillart kuufanya ukingo wa Schwandbach upinde vile, zilimruhusu. Kati ya maumbo mengi yanayosimama na yasiyogharimu sana, alichagua, na aliyechagua alikuwa na jicho.

Wembamba una madeni yake pia. Zege jembamba lina ngozi nyembamba juu ya nondo, na maji ya mvua yakipenya, nondo zinapata kutu mapema. Salginatobel lilihitaji matengenezo makubwa katika miaka ya 1990, sehemu kubwa kwa sababu ya maji. Mtu wa Mombasa au Tanga, anayejua hewa ya chumvi inavyofanya kwa nondo, angeliangalia bamba la sentimita 20 kwa mashaka ya haki. Na vipimo vyenyewe vilichorwa kwa magari ya miaka ya 1920, hayo mepesi ukilinganisha na malori ya leo yenye ekseli nyingi. Anayemwiga Maillart kwa kuiga unene wake hajamsoma.

Hata njia yake ya kujenga imepitwa. Jukwaa la Coray lilikuwa rahisi kwa sababu mbao zilikuwa jirani na mshahara wa seremala ulikuwa mdogo. Mfaransa Eugène Freyssinet, aliyekata hati ya ugunduzi wake mwaka 1928, mwaka uleule wa mashindano ya Salgina, alileta zege linalokazwa kwa nyaya kabla ya kubeba mzigo, na baada ya vita kuu ya pili zege hilo likayaondoa matao katika sehemu nyingi za dunia. Daraja la Nyali la Mombasa, lililofunguliwa mwaka 1980 kushika nafasi ya daraja la kuelea la mwaka 1931, lilirefushwa kipande kwa kipande kutoka kwenye nguzo zake, kushoto na kulia kwa mizani, bila jukwaa kutoka majini. Maillart angelipenda, nadhani, si kwa sura yake, ambayo ni ya kawaida, bali kwa sababu daraja linajibeba lenyewe wakati linajengwa. Nchini kwake Christian Menn, aliyezaliwa mwaka 1927, alianza na matao kama ya Maillart, kisha bei ya majukwaa ilipopanda akayaacha, akafika kwenye Ganter mwaka 1980 na Sunniberg mwaka 1998, madaraja yasiyofanana kabisa na Salginatobel. Huyo ndiye mwanafunzi wake wa kweli, ingawa hakukaa darasani kwake.

Kwetu daraja hutangazwa kwa urefu wake, kwa mabilioni yake na kwa jina la mkandarasi. Kisha linapewa jina la kiongozi: Nyerere, Mkapa, Kikwete na Magufuli, wote wana madaraja yao Tanzania. Sina ugomvi na hilo. Barabara na madaraja ni siasa, na aliyetafuta fedha naye kafanya kazi. Ninachokikosa ni jina la aliyelichora, na zaidi ya jina, ile hoja: kwa nini umbo hili na si lile, wengine walipendekeza nini, kipi kiliachwa, kilipopakiwa mzigo kiliinama kiasi gani. Uswisi ya miaka ya 1920 haikuwa pepo ya wahandisi. Graubünden lilikuwa jimbo la wakulima wa milimani, fedha zake zilihesabiwa, na Maillart alikosa zabuni nyingi. Hata Tavanasa liliposombwa, daraja lililolirithi lilichorwa na mtu mwingine. Lakini maofisa wa jimbo lile walikuwa na desturi ya kumwachia mshindani alete umbo lake pamoja na bei yake. Bila desturi hiyo Maillart angebaki na michoro kabatini. Zabuni zetu mara nyingi humfikia mjenzi zikiwa na mchoro uliokwisha fungwa, naye akabakiwa na bei tu ya kushindania, na njia pekee ya kuipunguza ikawa kubana saruji au kubana vibarua.

Madaraja makubwa hayatabadilika upesi katika hili. Wakopeshaji wana masharti yao na hatari ni kubwa. Nafikiria yale madogo, ya mita 20 au 30, ambayo kila msimu wa masika yanasombwa na kujengwa upya vilevile yalivyokuwa. Ningependa kuona halmashauri moja ya milimani, Ludewa kwa mfano, ikitangaza daraja la kwenda kata moja tu, ikaweka mezani michoro mitatu ya wahandisi vijana pamoja na bei zake, ikachagua, ikapakia malori ya mchanga juu yake siku ya kulipokea, na ikamlipa aliyelichora nauli ya kurudi kuliangalia baada ya miaka miwili.